Umestaafu Nairobi na unataka kwenda kujitolea nje ya nchi? Anzia hapa

Siku yangu ya pili mjini Moshi, Tanzania, niliingia mkahawani nikasema, kama ninavyosema kila siku Buruburu, "Nipe chai." Binti wa pale akanitazama kana kwamba nimemtukana. Mzee aliyeketi meza ya pili akacheka, akaniokoa: "Huyu katoka Nairobi, msamehe. Mama, sema naomba." Nilikuwa na miaka 62. Nilikuwa nimeshika vitabu vya hesabu vya sacco kwa zaidi ya miaka thelathini, na nilikuwa nimevuka mpaka ili nikawafundishe akina mama wa vijijini uhasibu. Somo la kwanza nikapewa mimi.

Tangu nirudi, wastaafu wenzangu hunisimamisha kanisani na kwenye steji ya matatu kuniuliza nilifanyaje. Swali lenyewe huja limebeba hofu: je, sijachelewa? Kwa hilo huwa namtaja Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, na mwaka uliofuata akapanda ndege hadi New York kuzungumza kwenye Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya msingi ya bure. Umri haukumzuia. Ila mzee yule alijua kabisa alichokuwa anakitafuta, na hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa.

Hatua ya 1: Tafuta jembe lako

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjitoleaji hana hizo siku mbili. Anatakiwa ashuke kwenye basi na jembe lake begani. Na "uzoefu wa miaka mingi kazini" si jembe. Nimesoma barua za maombi za marafiki zangu, watu wenye akili timamu, zimejaa maneno kama uongozi, ushauri na maendeleo ya jamii. Anayeipokea barua hiyo kule Mbale au Kigali hajui akuketishe wapi.

Chukua karatasi moja, uikunje katikati. Upande wa kwanza andika kitu kimoja unachoweza kukifanya kwa mikono yako Jumatatu asubuhi, bila karani wako wa zamani, bila intaneti, na ikibidi bila umeme. Mimi niliandika: "Naweza kumfundisha mtu aliyesoma hadi darasa la saba kuandika daftari la fedha zinazoingia na kutoka, na kulifunga mwisho wa mwezi." Fundi aliyestaafu gereji anaweza kuandika kwamba anajua kurekebisha pampu ya dizeli. Mwalimu wa chekechea anajua kutengeneza vifaa vya kufundishia kwa vizibo na maboksi. Kadiri sentensi inavyokuwa nyembamba, ndivyo mlango unavyofunguka upesi.

Walimu wa Kiswahili mna bahati ambayo hamjaitambua. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda likapitisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wa kukifundisha hawaoti kama uyoga. Mwalimu wa Nairobi aliyestaafu akiwa na miaka 60, ambaye amesahihisha insha maisha yake yote, amebeba jembe zuri kuliko langu.

Tahadhari kwa wauguzi, madaktari na wahandisi: leseni yako ya Kenya haivuki mpaka peke yake. Mwenyeji wako ndiye aulizwe, kabla hujafunga begi, kama baraza la taaluma la nchi yake litakusajili, na kama hapana, kama unaweza kufundisha tu bila kumgusa mgonjwa.

Sasa geuza karatasi. Upande wa pili andika unachotaka kujifunza. Hapa watu huona haya. Wanadhani msaada na masomo haviendi pamoja. Vinakwenda. Ukienda ukijiona mtoaji tu, utachoka wiki ya tatu, na wenyeji watakuwa wamekuchoka wiki ya pili. Mimi niliandika maswali matatu, la kwanza likiwa hili: vikundi vya Tanzania vinawezaje kutunza pesa taslimu kijijini bila kuibiana, ilhali chama changu cha Buruburu chenye watu kumi na wanane wenye shahada kilivunjika kwa sababu ya mweka hazina mmoja? Nitaeleza jibu nililolipata.

Hatua ya 2: Jijaribu hapa hapa Nairobi

Mwezi mmoja, siku mbili kwa wiki, mahali ambapo hakuna anayekufahamu. Zahanati ya Kawangware, maktaba ya shule ya Mukuru, popote. Sharti ni moja: anayekupangia kazi awe na umri wa mtoto wako wa mwisho. Ukiona unamkatiza kila mara kumweleza jinsi mlivyokuwa mkifanya miaka ya tisini, safari bado. Si aibu, endelea kujizoeza.

Asiyeweza kutoka nyumbani, labda kwa sababu anamtunza mgonjwa, asikate tamaa. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa watu wa kujitolea, UNV, una kazi za kufanywa kwa mtandao: kutafsiri, kuhariri, kupanga takwimu. Humo utakutana na watu wa nchi kumi bila kununua tiketi, na utajua kama unaweza kufanya kazi na usiowaona.

Hatua ya 3: Jua milango iliyo wazi na iliyofungwa

Anza na iliyofungwa, usipoteze miezi ukibisha. Peace Corps, shirika la kujitolea la serikali ya Marekani, ni ya raia wa Marekani pekee. Wao ndio walimpeleka Lillian Carter, mamake Jimmy Carter aliyekuja kuwa rais wa Marekani, nchini India mwaka 1966 akiwa na miaka 68. Akafanya uuguzi Vikhroli, karibu na Bombay, kwa karibu miaka miwili. Hadithi yake isome ikutie moyo, lakini fomu yao si yako. Wazee wa Kijapani tunaowaona hapa wakifundisha ufundi huletwa na JICA, shirika la serikali yao, kwa ajili ya Wajapani. Na kikosi cha vijana wa kujitolea cha Umoja wa Afrika, jina lake linajieleza: ukipita miaka 35 hapana.

Iliyo wazi ni hii. UNV, iliyoundwa mwaka 1970 na yenye makao makuu Bonn, Ujerumani, ina daraja la wataalamu waliobobea, ambapo unatakiwa uwe umefikisha angalau miaka 35 na uwe na tajriba ya miaka 15. Mstaafu anavuka vyote viwili akiwa usingizini. Unajisajili kwenye tovuti yao bila malipo, na ukichaguliwa unapewa posho ya kujikimu pamoja na bima. VSO, shirika la kujitolea lililoanzishwa Uingereza mwaka 1958, ina ofisi Nairobi, na imewahi kuwapeleka Wakenya nchi nyingine kupitia tawi lililoitwa VSO Jitolee. Usajili wa huko ni wa ushindani na huchukua muda. Kaa nao kama unavyokaa na ugali, usiufunue kila dakika.

Mlango ambao hautangazwi ni dini na taaluma. Dayosisi yako ina dayosisi rafiki ng'ambo ya mpaka. Chama cha ushirika ulichokitumikia kinajuana na vya Moshi na Mbarara. Mimi nilipita huko: aliyekuwa mkaguzi wetu wa hesabu alimjua mtu, mtu akamjua katibu wa kikundi, barua mbili na simu tatu, kazi ikapatikana. Hakuna aliyenilipa, wala hakuna niliyemlipa.

Na hilo la kulipa tulizungumze. Umoja wa Mataifa haumtozi mwombaji hata senti katika hatua yoyote, kwa hiyo anayekuomba pesa za "kushughulikia faili" kwa jina la Umoja huo ni mwizi. Yapo mashirika halali ambayo humwomba mjitoleaji achangie chakula na malazi. Hilo si kosa, lakini dai mchanganuo wa maandishi unaoonyesha mwenyeji wa kijijini anapata kiasi gani. Wakianza kuzungukazunguka, ondoka. Kuna pia kazi za mashambani, ambapo WWOOF, mtandao ulioanza Uingereza mwaka 1971, humkutanisha mgeni na mkulima wa kilimo hai: saa chache za kazi kwa siku, naye akupe chakula na pa kulala. Ni nzuri kwa mwenye mgongo mzima. Mimi wangu ulinishauri vingine.

Mahali pamoja ningekusihi usiende kwa muda mfupi: vituo vya watoto yatima. Mtoto anakuzoea, anakuita shosho, mwezi ukiisha unapotea, na anakuja mwingine wa kumzoea. Ukitaka kuwasaidia watoto, wafundishe walezi wao.

Hatua ya 4: Nenda karibu kwanza

Watoto wangu walitaka niende Kanada. Nashukuru sikuwasikiliza. Safari ya kwanza ya kujitolea iwe ndani ya Afrika Mashariki, wiki sita hadi miezi mitatu. Uganda na Rwanda Mkenya anaingia na kitambulisho chake cha taifa tu. Tanzania beba pasipoti. Ukiugua unarudi siku hiyo hiyo. Ukikosana na mwenyeji, nauli ya kurudi haikuui.

Shuttle za Arusha na Moshi huondoka Nairobi asubuhi na kupita Namanga, ambako maafisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja, kwa hiyo foleni ni moja. Chukua ya asubuhi hata kama ya usiku ni nafuu. Kwenda Kampala ni saa kumi na mbili au zaidi barabarani, na miguu ya mzee huvimba. Simama kila gari linaposimama, tembea, kunywa maji ingawa unaogopa choo cha njiani. Wanaopanda ndege za masafa marefu nao wasikae kwenye kiti saa nane mfululizo, maana damu huganda miguuni.

Hatua ya 5: Mwili, miezi miwili kabla

Hii ndiyo hatua ambayo vijana huiruka na sisi hatuwezi. Muone daktari wiki nane kabla ya safari, mpe jina la nchi na la kijiji, umwekee mezani kila dawa unayomeza, pamoja na ile ya mitishamba unayomficha.

Chanjo ya homa ya manjano kwanza. Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, ndiyo maana nchi nyingi humdai Mkenya kadi ya manjano mpakani. Kadi huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano, na tangu Julai 2016 ni ya maisha. Ukichanjwa zamani, hiyo kadi yako kuukuu bado ni halali, itafute chini ya Biblia. Lakini sikiliza: kwa aliyevuka miaka 60 na hajawahi kuchanjwa, chanjo hii ina hatari kubwa zaidi ya madhara makali kuliko kwa kijana. Ni nadra, ila ipo. Usiende tu kupanga foleni unyooshe mkono. Daktari apime hatari ya uendako dhidi ya hatari ya sindano, na akiona haifai akuandikie barua rasmi ya msamaha wa kitabibu. Kuna jamaa zetu wanaonunua kadi ya barabarani bila kuchanjwa. Hao sitawafuata hata kwa ushauri.

Halafu malaria. Sisi wa Nairobi tunajidanganya kwamba ni Waafrika na malaria tunaijua. Tunaijua kwa jina. Jiji letu liko juu, kwenye mita 1,700 hivi, mbu wake ni wa kukera tu, na aliyeishi huku miaka arobaini mwili wake umekwisha kuisahau ile kinga ya utotoni Kisumu au Kilifi. Omba dawa za kukinga. Nyingine huanzwa kabla ya safari na kuendelezwa wiki kadhaa baada ya kurudi, na zipo zisizofaa kwa wenye matatizo ya moyo. Neti beba yako. Na ukipata homa hata mwezi mmoja baada ya kurejea, neno la kwanza kumwambia daktari ni ulikokuwa.

Wenye presha na sukari: kushuka kutoka Nairobi kwenda kwenye joto la Dar es Salaam au Mwanza kunabadilisha mahesabu. Ukimeza dawa zinazokojoza na jua likakukamua jasho, utasimama ghafla kizunguzungu kikuangushe. Muulize daktari mapema ufanye nini. Dawa zibebe za siku zote za safari na wiki mbili za ziada, katika paketi zake za asili, na barua ya daktari inayotaja jina la dawa lenyewe, si jina la kampuni tu. Ziweke kwenye mkoba wa mkononi. Insulini hasa haipendi tumbo la ndege. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli ni kosa kubwa katika baadhi ya nchi, zikiwemo za Ghuba, hivyo hata kama unapita tu kubadilisha ndege, uliza.

Meno yang'olewe hapa. Miwani ziwe mbili. Mimi nilikwenda na moja, ikakaliwa na mbuzi. Sifanyi mzaha.

Hatua ya 6: Karatasi

Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kufuatiliwa Nyayo House, kwenye ofisi za uhamiaji. Iwe na angalau miezi sita mbele yake siku unayosafiri. Cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, huombwa huko huko eCitizen, kisha unakwenda kupakwa wino vidole Barabara ya Kiambu au Huduma Centre. Vidole vya wazee vimelika kwa kazi na alama hazitoki vizuri. Paka mafuta mikono jioni kwa wiki nzima, nawa vizuri siku yenyewe, na uwe mvumilivu ukiambiwa urudie. Kwenye kazi zinazohusu watoto hutaepuka cheti hiki, na ukikuta shirika lisilokidai, jiulize wengine waliopo huko ni akina nani.

Kosa linalowaponza wengi ni kudhani kwamba kwa kuwa hulipwi, hufanyi kazi. Serikali nyingi hazioni hivyo. Tanzania ina kibali cha ukaazi daraja C, ambacho ndicho cha wajitoleaji, na anayekiombea ni mwenyeji wako. Uingereza, mgeni wa kawaida anaruhusiwa kujitolea kwa siku zisizozidi 30, na kwa shirika la hisani lililosajiliwa, tena liwe jambo la pembeni na si sababu ya safari. Kuzidi hapo kuna viza yake. Kumbuka hili hasa wewe unayekwenda kumlelea binti yako wajukuu na unataka kusaidia maktaba ya mtaa. Ulaya ya Schengen hawakupi viza bila bima ya matibabu ya kiwango cha chini cha euro 30,000. Usimdanganye afisa wa uhamiaji hata kidogo, uzee hauwalainishi.

Hatua ya 7: Bima, pesa na mambo ya nyumbani

SHA, bima ya afya ya serikali, ni ya kukutibu Kenya. Ukianguka bafuni Kigali, unahitaji bima ya safari, na humu umri unauma: kampuni huongeza bei au hufunga mlango kadiri unavyopanda kutoka 65 kwenda 70 na kuendelea. Soma sehemu ya maandishi madogo inayohusu magonjwa uliyonayo tayari. Ukificha presha ili upate bei nzuri, umenunua karatasi. Hakikisha pia imetaja kusafirishwa mgonjwa na, tuseme wazi, kurudishwa maiti. Kwa Afrika Mashariki kuna pia uanachama wa mwaka wa ndege za wagonjwa za AMREF, wanaoruka kutoka Wilson tangu miaka ya hamsini. Uliza masharti yao ya umri na nchi wanazofika.

Pesa sitasema mengi. Tenga nauli ya dharura ya kurudi, mahali ambapo hutaigusa hata kwa harusi. Laini yako ya simu ya Kenya usiizime, maana nambari za siri za benki huja humo, na laini isiyotumika kwa miezi hufungwa. Mfuko wa pensheni uulize kama utahitaji kujitokeza au kutuma uthibitisho kwamba u hai katika miezi utakayokuwa mbali; kuna mama ninayemfahamu aliyerudi akakuta amekufa kwenye kompyuta, na kufufuka kulimchukua miezi minne.

Nyumbani, mwachie mtu mmoja, si watoto wote, ruhusa ya kuamua. Mwambie pesa za chama zilipo, mchango wa mazishi nani atautoa kwa niaba yako, na wewe mwenyewe likikupata la kukupata unataka uzikwe wapi. Mazungumzo haya ni magumu kwa dakika kumi, kisha watu hula chakula.

Hatua ya 8: Ukifika, wiki ya kwanza usifundishe

Niliambiwa hivi na katibu wa kikundi, mwanamke wa miaka thelathini na minne, nikachukia. Nilikuwa nimechapisha majedwali. Akaniambia, "Mama, kaa kwanza." Nikakaa. Nikahudhuria kikao chao chini ya mwembe.

Sanduku la bati likaletwa, lina kufuli tatu. Funguo tatu, wanawake watatu wa familia tofauti, na mwenye kulitunza sanduku hana hata ufunguo mmoja. Kabla halijafunguliwa, mwenyekiti akauliza: "Tulibaki na shilingi ngapi?" Kikundi kizima kikajibu kwa sauti moja, hadi shilingi ya mwisho. Likafunguliwa, pesa zikahesabiwa kwenye beseni mbele ya macho yote, zikalingana. Kila aliyenunua hisa akagongewa muhuri kwenye kijitabu chake, muhuri mmoja kwa hisa moja, ili hata asiyejua kusoma ahesabu mihuri yake mwenyewe. Mwisho, salio jipya likatangazwa mara mbili, na wote wakalirudia. Utaratibu huu wa sanduku ulianza Niger mwaka 1991 kwa wanawake waliofanya kazi na shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima. Kule Tanzania kikundi wanakiita kikoba. Daftari langu la safu sita walikuwa wanalihitaji kwa ajili ya mikopo tu. Kwa wizi walikuwa na dawa iliyowekwa vichwani mwao.

Ningeanza kufundisha Jumatatu ile, nisingeiona.

Kwa hiyo wiki ya kwanza fanya haya. Salimia. Tanzania kijana atakuamkia "shikamoo", na jibu ni "marahaba", si "poa" wala "fiti". Omba, usiagize. Jifunze jina la kila unayefanya naye kazi na la mtoto wake mmoja. Kama unakwenda Burundi au Kongo, Kifaransa kidogo ukianze Nairobi, Alliance Française, miezi mitatu kabla. Na Kirundi au Kilingala cha salamu ukiokote huko huko. Ukishindwa kutamka, wacha watoto wakucheke. Mwalimu mzuri kuliko wao sijampata.

Kila jioni andika mistari mitano: nilichokiona, nilichokosea, nililomuuliza mtu. Si shajara ya mashairi. Baada ya wiki tatu usome mwanzo, utaona jinsi ulivyokuwa unahukumu mambo usiyoyajua. Mimi ukurasa wa kwanza nimeuchana.

Pumzika mchana bila kuomba radhi. Na usimtumie mtu pesa zako binafsi, hata akilia. Siku utakapoanza, kazi uliyoijia imekwisha, umekuwa benki. Ukiguswa sana, changia mfuko wa jamii wa kikundi, kwenye kikao, mbele ya watu.

Hatua ya 9: Wiki mbili za mwisho

Wiki mbili za mwisho usifanye chochote kwa mkono wako. Mtu mmoja wa pale afanye, wewe utazame. Nilimchagua msichana aliyeishia kidato cha pili, akafunga daftari la mwezi peke yake, akakosea mara moja, akalitafuta kosa hadi saa mbili usiku huku mimi nimekalia mikono yangu kihalisi. Alilipata.

Kabla hujapanda gari la kurudi, weka tarehe ya kikao nyumbani. Piga simu Nairobi, waambie chama au kanisa lako siku fulani utawaeleza ulichokileta, ili usije ukarudi ukajitupa kwenye kochi na yote yakayeyuka. Mimi nilikwenda moja kwa moja Gikomba, nikanunua sanduku la bati na kufuli tatu, nikawapelekea wenzangu wa chama kipya. Mweka hazina alinuna jioni nzima. Siku ya pili akakubali, mradi apigwe picha nalo. Salio tunalitaja kwa sauti kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Ufunguo mmoja niliuomba mimi. Wamenikatalia: wanasema siku hizi sikai nyumbani.